Mwembe mzee nyumbani: anza na miguu, si kichwa

Mwembe wa miaka arobaini haufi ghafla. Ukiona ncha za matawi ya juu zinakauka, majani yamepungua na maembe yamekuwa madogo, mara nyingi kisa chake kilianza miaka mitatu au minne nyuma: siku lilipomwagwa lori la kifusi kusawazisha uwanja, au mafundi walipopitisha mtaro wa bomba hatua mbili kutoka shinani. Mizizi ilikatwa au ikakosa hewa, mti ukaishi kwa akiba yake, na sasa akiba imekwisha. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeupenda mwembe wake aanze kuangalia chini kabla hajamwita mtu wa panga.

Pima eneo la mizizi

Mizizi inayofyonza maji haiko kilindini kama wengi wanavyodhani. Mingi iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na inatambaa hadi nje ya kivuli cha matawi. Zungushia shina kamba kwenye urefu wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini, kisha ipime kamba hiyo kwa tepu ya sentimita. Gawa kwa 3.14 upate kipenyo, halafu zidisha kwa 12. Shina lenye mzunguko wa sentimita 190 lina kipenyo cha kama sentimita 60, kwa hiyo mita 7 na ushee kila upande ni eneo la mizizi. Humo usiegeshe gari, usichanganye zege, usimwage mafuta machafu, usichome majani. Moto mdogo wa taka unaowashwa kila Jumamosi upande uleule unatosha kuua gome la upande huo, na gome likifa, chakula hakishuki tena mizizini.

Sasa chutama utazame shina linapoingia ardhini. Mwembe wenye afya hutanuka hapo kama mguu wa tembo, na migongo ya mizizi mikubwa inaonekana. Shina likizama wima kama nguzo ya umeme, ujue limefukiwa. Gome lililofukiwa halikauki, huoza, na mchwa hufanya kazi yao kwa nafasi. Ondoa udongo huo taratibu kwa mikono na kijiko cha bustani, si kwa jembe, mpaka mizizi mikubwa ionekane. Acha wazi duara la nusu mita hivi kuzunguka shina.

Pevingi na saruji ni tatizo kubwa zaidi mijini. Kama bado hujaweka, acha duara la angalau mita 2 bila kitu, na kubwa zaidi ukiweza. Kama zimeshafika hadi shinani, ng'oa safu zilizo karibu na shina kwanza, kisha ongeza safu nyingine kila mwaka. Chini yake utakuta mchanga ulioshindiliwa, mgumu kama barabara. Usilime. Tandaza matandazo ya majani makavu na vipande vya matawi, unene wa sentimita 5 hadi 10, yakae mbali na gome kiasi cha sentimita 20, na uwaachie minyoo na mvua kazi ya kulegeza udongo.

Mtaro ukilazimika kupita, upitishe nje ya duara ulilopima. Ikishindikana, fundi achimbe kwa mkono na kupenyeza bomba chini ya mizizi minene bila kuikata. Mzizi mdogo unaobidi kuondoka ukatwe kwa msumeno mkali. Mzizi uliochanwa na sururu huoza kuelekea shinani.

Maji na samadi

Mwembe mzee wenye mizizi huru hauhitaji kumwagiliwa mara kwa mara. Tena kipindi kikavu baada ya masika huusaidia kuchanua, kwa hiyo usiumwagilie kabla maua hayajatoka. Maji yana maana baada ya vitunda kufikia ukubwa wa punje ya kunde, kama jua ni kali na mvua hakuna. Hapo mwagilia polepole, mara moja kila wiki mbili, chini ya ncha za matawi na si shinani. Kujua kama yametosha, chukua kipande cha nondo ya milimita 8 ukisukume ardhini kwa mkono: kwenye udongo uliolowa kinazama, kikifika pakavu kinagoma. Kikigoma kabla ya sentimita 30, endelea.

Samadi ya ng'ombe iliyoiva, madebe matatu hadi matano, itawanywe chini ya kivuli chote mwanzoni mwa masika. Mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi itakupa majani mazuri na maua machache.

Kupogoa

Katika msimu mkubwa, miembe ya pwani huchanua zaidi kati ya Juni na Septemba, na huzaa kuanzia Novemba hadi Februari. Pogoa mara tu mavuno yakiisha, kabla masika hayajakolea. Machipukizi mapya yanahitaji miezi kadhaa kukomaa ndipo yatoe maua, kwa hiyo anayekata Mei au Juni anayakata maembe ya mwaka mzima.

Usikubali kukatiwa kichwa, hata kama jirani amefanya hivyo na mti wake umechipua vizuri. Machipukizi yale yameshikwa na ngozi ya juu tu ya kisiki. Chini yake mbao inaoza, na baada ya miaka michache yanakuwa matawi mazito yanayodondoka kwa upepo. Ukitaka kupunguza urefu, fanya kwa miaka mitatu: kila mwaka tawi moja au mawili makubwa, ukikata pale penye tawi dogo la pembeni lenye unene usiopungua theluthi moja ya lile unaloliondoa. Kwa jumla usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka, na kwa mti uliochoka punguza hata hapo.

Tawi kubwa hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza ni wa chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka shinani, uingie robo ya unene. Wa pili ni wa juu kwenda chini, sentimita 5 mbele zaidi, hadi tawi lianguke. Ule wa chini ndio unaolizuia lisichane gome la shina linapokwenda. Wa tatu unaondoa kisiki kilichobaki, na hapa ndipo wengi hukosea. Pale tawi linapotokea shinani pana uvimbe wenye mikunjo, kama kola ya shati. Kata nje kidogo ya kola hiyo. Ukiikata, umeondoa sehemu inayofunika kidonda. Ukiacha kisiki cha sentimita 20, kinaoza na kupeleka uozo ndani.

Kidonda usikipake rangi wala lami, na tundu usilizibe kwa saruji, maana unyevu hufungiwa humo na uozo huendelea. Chokaa ya maji inafaa kwa kazi nyingine: kupaka matawi yaliyokuwa kivulini ambayo sasa yameachwa wazi, yasiungue na jua.

Vaa mikono mirefu na miwani. Utomvu wa mwembe, ambao ni ndugu wa mkorosho, unaunguza ngozi, na ukiingia jichoni ni balaa. Tawi lililokaribia waya wa umeme usiliguse wala usimtume kijana alipande, piga simu TANESCO, au Kenya Power kwa walio Kenya.

Kirukia, mmea unaoota juu ya matawi na kuufyonza mti, kikiota, kukinyofoa hakusaidii, kwa sababu kimeshaingiza mizizi ndani ya tawi. Likate tawi lenyewe, sentimita 30 au zaidi chini ya kilipojishika. Waya wa kuanikia nguo uliozama kwenye gome nao usiuvute. Kata ncha zake pande zote mbili, ulioliwa na mti uache humohumo.

Wadudu na ukungu

Mti mkubwa ni vigumu kuupulizia dawa vizuri. Chule na ubwiri unga, magonjwa mawili ya ukungu, hupungua matawi ya katikati yakifunguliwa hewa ipite. Kwa nzi wa matunda, hasa yule aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, okota maembe yaliyoanguka kila siku, yafunge kwenye mfuko mweusi na uuache juani siku kadhaa, au yafukie nusu mita chini. Sisimizi wekundu waitwao maji moto waache. Wanauma, ni kweli, lakini huwafukuza nzi hao.

Dalili za hatari

Kila mwaka kabla ya masika zunguka mti polepole. Angalia uyoga mgumu kama rafu kwenye kitako cha shina, ufa kwenye panda yenye umbo la V ambamo gome limebanwa katikati, na tawi kavu juu ya paa au njia. Tundu peke yake si hukumu ya kifo, kwani miembe mingi yenye tundu husimama imara. Linalotisha zaidi ni mti ulioanza kuinama hivi karibuni, huku udongo wa upande wa pili umepasuka au kuinuka. Hapo hamisha watoto na gari siku hiyohiyo, zungushia kamba mahali ambapo ungeweza kuangukia, na umlete fundi mzoefu wa miti mirefu kabla ya mvua inayofuata.