Kuifufua Karabai ya Zamani: Anza na Upepo

Katika nyumba nyingi za Mikindani, Msimbati na Kilwa Masoko, karabai iliyokuwa ikining'inizwa chomboni wakati wa kuvua dagaa usiku wa giza sasa imelala stoo, kwa kuwa wavuvi wengi wamehamia kwenye taa za betri. Anayeirithi kwa kawaida huanza kuisugua ili ing'ae, na huko ndiko kupoteza siku. Karabai ni chombo cha upepo kabla ya kuwa chombo cha mwanga: hewa inayosukumwa na pampu huyakandamiza mafuta ya taa ndani ya tangi, yakapanda kwenye mrija unaopashwa moto na mwali wenyewe, yakageuka mvuke, yakatokea kwenye kitundu chembamba mno cha nipeli, kisha yakachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya utambi. Upepo ukivuja mahali popote katika safari hiyo, mng'aro wa nje hautakusaidia chochote.

Kwa hiyo ifungue pampu kwanza. Mwishoni mwa ule mti wake utakuta kikombe kidogo cha ngozi, na mara nyingi ugonjwa wote uko hapo. Kile nilichokichomoa kwenye karabai ya babu yangu kilikuwa kimekauka hata kikawa kinalia kama ganda la korosho ukikigonga kwa ukucha. Kiloweke usiku kucha katika mafuta ya nyonyo au ya nazi, kisha ukinyooshe kwa vidole mpaka mdomo wake utanuke na kuugusa ukuta wa bomba pande zote. Kikiwa kimepasuka, ngozi laini ya kiatu kikuukuu inatosha kukata kingine.

Chini kabisa ya bomba la pampu kuna vali inayoruhusu hewa kuingia tangini na kuizuia isirudi. Dalili ya ubovu wake haifichiki: ukiachia mti wa pampu, unapanda wenyewe, na mafuta huanza kuonekana ndani ya bomba. Ifungue taratibu, uondoe mchanga na chumvi, uangalie springi yake, na kipande cha mpira kilichomo ukibadilishe ikiwa kimekuwa kigumu. Usikate mpira huo, wala ule wa kifuniko cha kujazia mafuta, kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, kwa sababu mafuta ya taa huuvimbisha. Tafuta mpira unaostahimili mafuta katika maduka ya vipuri vya pikipiki.

Tangi likiwa bado tupu, funga kila kitu, piga pampu mara kama 20, kisha upake povu zito la sabuni kwenye kifuniko, kwenye saa ya kupimia upepo na kwenye maungio ya mrija. Penye mapovu yanayokua ndipo penye uvujaji. Maungio hukazwa au hubadilishiwa washa, yaani pete ya kuzibia. Lakini mapovu yakitokea kwenye bati la tangi lenyewe, usilichomelee, kwa kuwa mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kulipuka, na hata kiraka kikikubali hakitaaminika mbele ya mgandamizo wa bar 2. Karabai ya namna hiyo ibaki kuwa pambo.

Kabla ya kuitoa nipeli, zungusha gurudumu dogo la pembeni ili sindano iliyo ndani ishuke, la sivyo utaivunja. Masizi ya ndani ya mrija yalainishe kwa siki ya moto kwa saa chache tu, kwani asidi ikikaa mno huidhoofisha shaba, kisha uyasukume kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli.

Utambi, ambao kwa hakika ni kifuko cha wavu, hufungwa ukiwa mpya na kuunguzwa mpaka ubaki majivu meupe. Baada ya hapo usiuguse. Tambi nyingi za zamani zina thoriamu, madini yanayotoa mnururisho (miale ya nyuklia) kidogo, kwa hiyo usivute vumbi lake. Wala usiuvumilie utambi wenye tundu: niliwahi kuliacha tundu dogo kama punje ya mchele, mwali ukachomoza hapo, na kioo kikapasuka kabla hatujamaliza kula.

Jaza mafuta ya taa robo tatu ya tangi, kamwe si petroli, nawe uwe nje, mbali na makuti. Jaza spiriti kwenye kikombe chake kilicho chini ya mrija, uiwashe, uiache iupashe mrija moto mpaka ikaribie kwisha, kisha uongeze upepo na kufungua gurudumu. Mwali wa njano unaorukaruka ni alama kwamba mrija haujapata moto wa kutosha: funga, legeza skrubu ya kutolea upepo, urudie na spiriti baada ya kikombe kupoa. Mwanga mweupe wenye mvumo usiokatika ndio unaoutafuta.

Ikishawaka usiku mzima bila kudai pampu kila mara, ipoze, na sasa ndipo uisafishe: ukwaju kwa shaba tupu, sabuni na kitambaa laini kwa iliyopakwa nikeli, bila mchanga wala steeliwaya.