Mbolea iko mikononi mwa wachache: namna ya kununua bila kupigwa

Wakulima wenzangu hasa wa Nyanda za Juu Kusini, kila msimu malalamiko ni yale yale, bei imepanda, duka hili na lile bei moja, ukiuliza kwanini unaambiwa "ndo imekuja hivyo". Nenda maduka manne ya pembejeo pale mjini kwenu, geuza mifuko usome maandishi madogo ya nyuma, jina la muagizaji. Unaweza kukuta maduka manne ila waagizaji ni wawili. Sasa hapo kushindana bei kutatoka wapi?

Huku kushikwa na wachache kunaanzia mbali. Phosphate (madini ya kutengenezea mbolea za fosforasi) duniani karibu asilimia 70 ya akiba iliyopo iko Morocco na Sahara Magharibi, potash (madini ya mbolea za potasiamu) ni Canada, Urusi na Belarus, na 2018 kampuni mbili kubwa za Canada ziliungana zikawa moja, Nutrien. Hata wakulima wa mahindi kule Marekani wanalia kilio hiki hiki. Urea, mbolea ya naitrojeni, nayo inatengenezwa kwa gesi asilia, ndo maana gesi ilipopaa Ulaya 2021, China ikabana mauzo yake ya nje, halafu 2022 vita ya Ukraine, mfuko ukatushinda kabisa. Na kuleta meli ya maelfu ya tani Dar inataka mtaji wa kutisha, hivyo wanaobaki uwanjani ni wale wale. Serikali ilianza 2017 kuagiza Urea na DAP (mbolea ya kupandia yenye phosphate) kwa pamoja ili bei ishuke, ila wenye uwezo wa kuingia kwenye zabuni kubwa walikuwa haohao wenye misuli.

Sisi hatuwezi kuwavunja hao. Tunachoweza ni kuacha kununua kama vipofu.

La kwanza, usinunue mfuko, nunua kirutubisho. Zile namba kwenye mfuko ni asilimia ya kirutubisho kilichomo. Urea ni 46, yaani kwenye kilo 50 kuna kilo 23 za naitrojeni. CAN na SA nazo ni mbolea za naitrojeni: CAN ya 26 ina kilo 13, SA ya 21 ina kilo 10 na nusu. Sasa chukulia Urea inauzwa shilingi 70,000, CAN 60,000, SA 50,000, wengi wataikimbilia SA kwasababu mfuko ni rahisi. Gawanya basi: Urea kilo moja ya naitrojeni imekugharimu kama 3,040, CAN kama 4,600, SA kama 4,760. Umeona? Ule mfuko wa bei nafuu ndo ghali kuliko yote. Simu yako ina kikokotoo, kitumie hapo hapo dukani hata muuzaji akikununia.

Ila usiishie kwenye hesabu tu. SA inakupa na salfa ila inaongeza tindikali kwenye udongo, na Urea ukiimwaga juu juu kwenye jua inapotea hewani, lazima ufukie na udongo uwe na unyevu, otherwise ule unafuu wote umeurusha angani. Hapa ndo kupima udongo kunalipa. Ulizia TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, Uyole wapo kwa watu wa Mbeya, au anza na afisa ugani wa kata. Kuna mtu anaweka DAP miaka yote wakati shida ya shamba lake ni tindikali, alihitaji chokaa, yaani anamtajirisha muagizaji bure.

Halafu angalieni na mbolea za hapa hapa. Minjingu inachimbwa Manyara, phosphate yake inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali, na Dodoma pale Nala kuna kiwanda cha Itracom, wenyewe asili yao Burundi, wanachanganya samadi na madini. Sisemi ni bora kuliko za nje, piga hesabu ile ile ya namba, lakini mkiwa na pa kukimbilia muuzaji anawaongelesha vizuri.

Sasa kitu ambacho mimi naona ndo chenye nguvu kuliko vyote, kununua kwa kundi na mapema. Watu 40, kila mmoja mifuko mitano, hiyo ni mifuko 200, tani 10, lori limejaa. Pitieni AMCOS yenu (chama cha ushirika cha wakulima) kama iko hai, kama imekufa fanyeni kikundi chenye akaunti ya benki. Orodha ifungwe Agosti au Septemba, mkisubiri mvua ya kwanza mmeshakuwa mateka. Ombeni bei kwa maandishi kwa wauzaji watatu, na muulize kila mmoja mzigo wake unatoka kwa muagizaji gani, maana watatu wa muagizaji mmoja ni sawa na mmoja. Hela iingie akaunti ya kampuni, sio namba ya simu ya kijana wa mauzo, hata awe mcheshi vipi. Lori likifika pimeni mifuko michache kwenye mzani, angalieni mshono kama umefumuliwa na kushonwa upya, pigeni picha ya lebo, chukueni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Mambo ya ruzuku ya mbolea yako tangu msimu wa 2022/23, kama hujajisajili kwenye daftari la wakulima nenda ofisi ya kijiji mapema, msimu ukishafika pale ni foleni tu.

Na ukiona harufu ya njama? Kuwa mkubwa sokoni sio kosa, kosa ni kupanga bei pamoja, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza. Kwahiyo usiende FCC, Tume ya Ushindani, na "wanatuibia" tupu. Andika tarehe, duka, aina ya mbolea, bei, jina la muagizaji kwenye mfuko, ambatanisha risiti za maduka tofauti za wiki hiyo hiyo. Kama mtu anauza juu ya bei elekezi au mbolea ni feki, hiyo peleka TFRA, mamlaka ya kusimamia mbolea, nakala kwa afisa kilimo wa wilaya, na hakikisha nakala unayobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa.