Mambo ya Kuweka Tayari Kabla Paka au Mbwa Wako Hajaumia Mguu

Nilikuwa na paka watatu, sasa ni wawili. Huyo wa tatu nitamfikia, maana ndiye aliyenifanya niandike haya.

Namba ya daktari wa wanyama iwe kwenye simu yako leo, pamoja na ya mwengine wa kumpigia yule wa kwanza asipopokea. Uliza mapema nani hupatikana usiku. Kama wakaa Mji wa Kale wa Mombasa, ujue tuktuk itakungoja wapi, kwa kuwa vichochoro vya Kibokoni havipitiki kwa gari. Wa Likoni ahesabu na foleni ya feri.

Weka pamoja kikapu chenye mfuniko, leso mbili kuukuu na tochi.

Mjue mnyama wako akiwa mzima. Mwangalie anavyotembea, anavyoshuka ngazi, anavyoruka barazani. Paka huficha maumivu, kwa hiyo usingoje alie. Aliyezoea kulala dirishani akianza kulala chini, akaacha kujilamba mgongoni, au akajisaidia kando ya mchanga wake badala ya ndani, mshuku viungo. Mbwa mzee anayeinuka kwa tabu asubuhi, kisha akachangamka akitembea, usiseme ni uzee tu. Mpeleke akapimwe, na umpunguzie uzito, maana kila kilo ya ziada hubebwa na magoti na nyonga zile zile. Wenye German Shepherd wachunge nyonga tangu mbwa angali mdogo, kwa sababu aina hiyo ina ugonjwa wa nyonga wa kurithi.

Akienda chopi, anza na unyayo. Tazama kwa tochi katikati ya vidole: mwiba, kigae cha chupa, ukucha uliopasuka. Wanaokaa karibu na wavuvi watakuta ndoana. Usiivute, ina ncha iliyorudi nyuma, itachana nyama. Wakati wa kaskazi lami ya mchana huunguza nyayo za mbwa. Na mbwa anayechechemea mguu huu leo, kesho ule, huku ana homa na hataki kula, mtafute kupe mwilini. Magonjwa ya kupe huvimbisha viungo, na yana dawa yakiwahiwa.

Sasa Kaniki. Alikuwa mweusi tititi, ndipo nikampa jina hilo. Jioni moja baada ya magharibi alimrukia njiwa kutoka roshani ya ghorofa ya pili, akarudi nyumbani mguu wa mbele ameuinua, kifundo kimevimba. Hakulia. Alijilaza chini ya kitanda akanitazama. Jirani yangu, mtu mwema kabisa, akaniambia, "Mpe nusu parasetamoli alale. Mbona sisi twameza?" Nikaisaga kwa mgongo wa kijiko, nikaichanganya na mchuzi wa jodari. Akalamba sahani yote, kwa sababu ni mimi niliyempa.

Alfajiri nilimkuta ahema kwa mdomo wazi. Uso umefura, nyayo zimefura. Nikamwinua mdomo: fizi zilizokuwa za waridi zimekuwa rangi ya ukwaju. Tulivuka daraja la Nyali kwa tuktuk, yeye mapajani mwangu ndani ya leso. Daktari alijitahidi kwa kila alichokuwa nacho. Kabla ya adhuhuri akafa. Daktari akaupapasa ule mguu pole pole, akaniambia, "Mfupa haukuvunjika, mama. Uliteguka tu."

Kwa hivyo nakuomba, ndugu yangu, sikiza. Ini la paka haliwezi kuisafisha parasetamoli kama letu. Sumu yake huharibu damu hata ikashindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kuua paka mzima, na hata kipande ni hatari. Ibuprofeni na diklofenaki nazo huumiza tumbo na figo, za paka na za mbwa pia. Usimpe dawa ya binadamu, hata kwa nia njema, hata usiku wa manane. Na kama umeshampa, usingoje dalili. Chukua pakiti, toka nayo saa hiyo hiyo, mwambie daktari umempa kiasi gani na saa ngapi. Dawa ya kuzima sumu hiyo ipo, lakini yataka kuwahi.

Yasiyongoja asubuhi ni haya: mguu unaoning'inia, mfupa uliotokeza, damu isiyokatika. Mnyama aliyegongwa na gari apelekwe hata kama anatembea, kwani majeraha ya ndani hayaonekani. Na paka ambaye miguu ya nyuma imekufa ghafla, ni baridi ukiigusa, naye analia kwa uchungu, huyo hajateguka. Mara nyingi ni damu iliyoganda ikaziba mshipa, na kila dakika ina kazi.

Usimchue mafuta ya nazi. Usinyooshe mfupa, wala usifunge vijiti kwa kubahatisha. Mbebe juu ya ubao au kreti, mfunike leso, na usimlishe kabla ya kuonwa, huenda akahitaji nusukaputi.

Akirudi na bendeji, itazame kila siku. Vidole vikivimba au vikiwa baridi, au ikitoa harufu, mrudishe. Akiambiwa apumzike wiki sita, ni wiki sita ndani, bila ngazi, bila kuta za majirani. Angalia kama anakojoa. Funga roshani kwa wavu. Na mjihadhari nyinyi wenyewe, hasa watoto, kwa kuwa mnyama mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ni paka wako wa ndani.