Leseni ya saikolojia Marekani: chagua jimbo kabla ya chuo

Ukiwa na digrii ya saikolojia ya Nairobi au Dar, nyumbani wengi watakuita mwanasaikolojia bila kukuuliza cheti. Marekani jina hilo lina mwenyewe. Hulibandiki mlangoni mpaka bodi ya jimbo ikupe leseni, na leseni ya Texas haikupi ruhusa ya kupokea wagonjwa California. Kwa hiyo kabla hujauliza usome wapi, jiulize utafanyia kazi wapi.

Majimbo karibu yote yanadai udaktari, yaani PhD au PsyD. Wenye uzamili tu wana nafasi finyu, na wengi wao huishia kuchukua leseni ya ushauri nasaha, ambayo ni njia nyingine kabisa. Ukitafuta pa kusoma, kagua ithibati ya APA, yaani Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ya programu yenyewe. Jina kubwa la chuo lisikuzubaishe, maana ithibati hutolewa kwa programu. Aliyesomea udaktari nje ya Marekani atatakiwa vyeti vyake vitathminiwe na taasisi inayotambuliwa na bodi, na kama chuo chako kinachukua miezi kutoa transkripti, anza kuifuatilia leo.

Saa za kazi chini ya msimamizi ndizo zinazowatoa watu jasho. California inataka saa 3,000, na angalau 1,500 kati ya hizo ziwe za baada ya udaktari. Yapo majimbo ambayo hayadai tena saa za baada ya udaktari, ndiyo maana nasema jimbo kwanza. Tena California usimamizi una kipimo: asilimia 10 ya muda unaofanya kazi kila wiki, na ndani yake angalau saa moja yenu wawili tu, wewe na msimamizi. Ukifanya kazi saa 40, basi saa 4 ni za kusimamiwa. Makubaliano na msimamizi yasainiwe kabla hujaanza. Namjua dada mmoja aliyemaliza mwaka mzima bila kudai saini, akiona aibu kumsumbua mzee wa watu. Msimamizi akastaafu, akahama, simu ikawa haipokelewi. Dai saini yako ungali naye ofisi moja.

Mtihani wa EPPP, yaani mtihani wa leseni ya saikolojia unaotumika majimboni, ni maswali 225 ya kuchagua jibu, kwa saa 4 na robo. Yanayohesabiwa ni 175. Mengine 50 yanafanyiwa majaribio, na huwezi kujua ni yapi. Alama ya kufaulu ni 500 kwenye kipimo cha 200 hadi 800. Ada ni dola 600, kituo nacho kina ada yake, na ukifeli unalipa upya. Majimbo mengi yanaongeza mtihani wa sheria na maadili ya jimbo. Wa California unaitwa CPLEE.

Halafu majina, ugonjwa wetu sisi. Pasi ina majina matatu, transkripti mawili, cheti cha ndoa kina la mume. Kwenye kituo cha mtihani kitambulisho kisipolingana na jina ulilojisajili nalo, unarudishwa mlangoni. Lisawazishe jina moja kabla hujajaza fomu yoyote, pamoja na ile ya alama za vidole kwa ajili ya kukagua rekodi ya jinai.

Kama wateja unaowalenga ni Waswahili waliotawanyika, tazama pia mkataba wa PSYPACT, unaomruhusu mwanasaikolojia mwenye kibali chake kuhudumia kwa video watu wa majimbo mengine wanachama. Texas na Ohio zimo. Mkongomani uliyeanza naye Houston, Texas, akihamia Columbus, Ohio, mnaendelea kwa video. California, hadi mwaka 2024, ilikuwa haijajiunga, kwa hiyo akihamia Los Angeles itabidi umtafutie mwenye leseni ya huko.