Kuazima gari la ndugu: bima inakufikia wapi, inaishia wapi

Tanzania, bima ya gari hukatwa kwa jina la mwenye gari lakini hulifuata gari lenyewe. Shemeji akikupa funguo uende Morogoro na kurudi, huhitaji kukata bima yako. Ila kampuni itakutambua kama dereva halali kwa masharti matatu: umeruhusiwa na mwenye gari, una leseni ya daraja linalohusika, na gari linafanya kazi iliyoandikwa kwenye bima.

Kabla ya kuwasha, fungua mtandaoni TIRA MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, uingize namba ya usajili. Soma tarehe ya mwisho, aina ya bima na aina ya matumizi. Usitosheke na karatasi ya bima iliyomo kwenye droo ya gari. Zipo za kughushi, na zipo ambazo wakala alikula hela bila kuingiza chochote kwenye mfumo. Kama hakuna kinachoonekana, gari libaki uani.

Kisha jua ni bima ipi. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Bampa, taa na rejeta ya gari la shemeji ni juu yako. Bima kubwa inatengeneza na gari mlilokatia, lakini kuna sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe, na kampuni nyingi huipandisha dereva akiwa kijana sana au mwenye leseni mpya. Kubalianeni mapema nani atailipa. Tena akidai fidia, mwenye gari anaweza kukosa punguzo la bei ya bima mwaka unaofuata, jambo ambalo waazimaji wengi hawalifikirii.

Ruhusa iwe ya maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuonyesha ukweli:

“Mdogo wangu, nakuruhusu kuendesha gari langu (namba ya usajili) kuanzia Ijumaa asubuhi hadi Jumapili jioni, safari ya Morogoro. Usimwachie mtu mwingine usukani.”

Leseni ya pikipiki, daraja A, haikusaidii hapa. Gari dogo la binafsi ni daraja D. Leseni iliyokwisha muda huipa kampuni sababu ya kubisha.

Kwenye matumizi ndiko madai mengi yanakofia. Gari la binafsi ukibeba abiria wa kulipa, hata wawili wa kuchangia mafuta kwa nauli iliyopangwa, au ukaliingiza kwenye programu ya teksi wikiendi moja, umetoka nje ya bima. Pombe nayo hivyo hivyo: kampuni inaweza kumlipa aliyeumia, halafu ikageuka kukudai wewe.

Ajali ikitokea, ita askari wa usalama barabarani na upige picha magari yakiwa pale pale, namba zikionekana. Majeruhi apelekwe hospitali, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ichukuliwe kituoni. Usikiri kosa wala kuahidi malipo barabarani. Mpigie mwenye gari siku hiyo hiyo, maana mwenye haki ya kudai ni yeye. Wewe utajaza sehemu ya dereva kwenye fomu na kuambatisha nakala ya leseni. Zitatakiwa pia kadi ya gari, ripoti ya polisi na mchoro wa ajali. Gari lisiguswe na fundi kabla mkaguzi wa kampuni hajaliona.

Na msibadilishane dereva kwenye maelezo. Familia nyingi huona ni salama kusema aliyekuwa anaendesha ni mwenye gari. Ripoti ya polisi ikitaja jina lako na fomu ikitaja lake, dai ambalo lingelipwa bila shida linageuka udanganyifu.

Kama gari ni la marehemu na kadi bado ina jina lake, msimamizi wa mirathi awasiliane kwanza na kampuni ya bima.

Ukivuka Namanga kwenda Kenya, bima ya ndani haitoshi. Mwenye gari aombe kwenye kampuni yake Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia nchi jirani. Inalinda wahusika wengine na matibabu ya dereva na abiria, si gari lenu. Beba pia barua yake ya ruhusa iliyogongwa muhuri wa wakili, pamoja na kadi ya gari.