Kuunga kinanda kidogo cha umeme nyumbani, na jinsi ya kukipima ukiwa unaunga

Zile seti za vinanda vya kuunga mwenyewe, zinazokuja na bodi, vitufe vinane, spika na kimfuko cha rezista (vile vidude vya kuzuia umeme), nyingi zinatumia aisii ya 555, kile kijidude cheusi chenye miguu minane inayoitwa pini, ileile aliyobuni Hans Camenzind 1971 na mpaka leo bado inauzwa. Ikiungua ni rahisi kupata nyingine, kwa Dar nenda Kariakoo, Nairobi nenda Luthuli. Naomba sana tu usilehemu kila kitu alafu ndo uweke betri, maana kikigoma hujui uanzie wapi.

Inavofanya kazi ni hivi, kapasita inajaa umeme mpaka theluthi mbili za volti za betri, aisii inaumwaga mpaka ibaki theluthi moja, inajaa tena, inamwaga tena, na hiyo ikijirudia mara 440 kwa sekunde unasikia noti ya A. Kila kitufe kina rezista yake, rezista ikiwa kubwa kapasita inachelewa kujaa na noti inashuka. Na kwa vile ni theluthi za betri yenyewe, betri ikichoka sauti inafifia ila noti haihami sana.

Lehemu soketi kwanza, yaani kile kikalio cha kuchomekea aisii, aisii yenyewe iache pembeni. Weka waya za betri ya volti 9 na mita ya kupimia umeme mkononi, pima kati ya pini ya 8 na ya 1, lazima uone kama volti 9, ukiona sifuri au alama ya kutoa hapo simama urekebishe. Pini ya 4 nayo iwe imeungwa na chanya, ya 2 na ya 6 ziwe zimeshikana. Sasa toa betri, chomeka aisii, kale ka alama kaliokatwa kwenye ncha yake kaelekee kama picha ya kwenye bodi inavoonyesha. Spika ya omu 8 usiipeleke moja kwa moja pini ya 3, ipitie kapasita ya maikrofaradi 10 au zaidi, chanya yake upande wa aisii, pamoja na rezista ya omu 100.

Lehemu kitufe kimoja tu, rudisha betri, bonyeza. Kikilia, safi, endelea na vingine. Kikinyamaza, huku umekibonyeza pima volti za DC pini ya 3: ukipata kama volti 4 ujue aisii inafanya kazi na tatizo ni spika au waya zake, ukipata karibu na sifuri au karibu na 8 ujue haizunguki, rudi kwenye pini ya 2, 6 na 7. Baadae kitufe kimoja kikigoma na vingine vinalia, mara nyingi ni risasi haijashika, ipashe moto tena mpaka ing'ae na kuzunguka mguu wote.

Kwenye kutyuni ndo wengi wanaharakisha na ndo kinanda kinapoharibika. Kapasita ya nanofaradi 100 iliyoandikwa 104, kama ni ile ya bei rahisi ya seramiki, noti zinahama joto likibadilika, mi naona bora uitoe uweke ya polyester hata kama ya kwenye seti ni nzima. Kwa kapasita hiyo na rezista ya 1K (yaani omu 1000) kati ya pini ya 8 na 7, C ya kati, hezi 261.6, inataka kama 27K, A inataka karibu 15.9K na C ya juu karibu 13.3K. Ukiweka 10K na trima ya 20K (rezista ndogo ya kuzungusha) kwa kila kitufe utafika kote huko kwa bisibisi, huku app ya kutyuni gitaa ya kwenye simu ikikuonyesha uko wapi.

Ila angalia bodi yako kwanza, kama rezista zimepangwa mnyororo, yaani kila noti inaongezea juu ya ya jirani yake, anza na noti ya juu kabisa ushuke, ukianzia chini kila unachorekebisha juu kinavuruga ulichomaliza. Noti zote zikiwa zimepanda au kushuka kwa kiasi kilekile, hapo trima hazina kosa, badilisha kapasita.

Alafu usitegemee kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kinatoa noti moja tu kwa wakati. Kila kitufe kikiwa na trima yake peke yake, ukibonyeza viwili rezista zinagawana na inatoka noti ya juu kuliko zote mbili, kwenye mnyororo inashinda noti ya juu.