Kuthibitisha Cheti cha Ndoa cha Tanzania kwa Matumizi ya Falme za Kiarabu

Mtu aliyeajiriwa Dubai au Abu Dhabi na anayetaka kumchukua mwenzi wake huombwa cheti cha ndoa kilichothibitishwa. Falme za Kiarabu hazimo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, ulioanzisha uthibitisho wa hatua moja uitwao apostili, kwa hiyo cheti hupitia ofisi kadhaa, na kila ofisi huthibitisha saini na muhuri wa ofisi iliyotangulia tu, si ukweli wa ndoa yenyewe. Ndiyo maana hakuna hatua inayoweza kurukwa.

Kwa ndoa ya Tanzania Bara, anzia RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaotunza kumbukumbu za ndoa. Waliooana Zanzibar huanzia kwa mamlaka ya usajili ya huko. Hatua hii ya kwanza ndiyo ya kutuliza akili kuliko zote. Sheikh, padri au mchungaji aliyefungisha ndoa hutoa cheti siku ileile, lakini hupaswa pia kupeleka nakala kwa Msajili Mkuu wa ndoa, aliyeko RITA, na asipoipeleka, RITA haitakuwa na kumbukumbu ya kulinganisha na cheti chako, nawe utalazimika kurudi msikitini au kanisani kufuatilia daftari. Ulizia jambo hili mapema, hata kabla mkataba wa kazi haujasainiwa. Linganisha pia majina na pasipoti herufi kwa herufi, kwa sababu Asha wa kwenye cheti na Aisha wa kwenye pasipoti ni watu wawili machoni pa karani asiyewafahamu. Tofauti hiyo irekebishwe kabla ya muhuri wa kwanza, kwani cheti kikibadilishwa baadaye mihuri yote huanza upya. Nakuomba pia usikifunge cheti kwa plastiki, maana muhuri unahitaji karatasi.

Baada ya hapo cheti huenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Tanzania, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu ulioko Dar es Salaam. Uliza ada na siku za kupokea nyaraka kabla ya kusafiri kutoka mkoani.

Cheti kikifika Falme, hupigwa muhuri wa mwisho na Wizara ya Mambo ya Nje ya huko. Tafsiri ya Kiarabu, inayofanywa na mfasiri mwenye leseni ya nchi hiyo, ni vyema ifuate mihuri yote, ili maneno ya mihuri nayo yatafsiriwe.